Bwana Arusi Aliyetafuna Kumbikumbi

Jumapili ya kwanza ya Majilio, alasiri. Milanzi.

Mvua imekatika na ardhi inatoa mvuke kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nimekaa mlangoni, miguu juani, nacheka peke yangu. Mama amepita akinitazama, akarudi akinitazama, na mara ya mwisho ameniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Sina homa. Nina arusi ya jana.

Naandika sasa kabla sijasahau nani alisema nini, maana rafiki yetu Desideri ameshaanza kuisimulia kijijini kwa namna ambayo yeye peke yake ndiye anayeonekana na akili.

Kwanza niungame: nilicheka kanisani. Si kutabasamu, kucheka. Nilijiuma mkono, nikajifunika uso kwa kanga, wapi! Nimeshaungama hilo kwa Padri jana ile ile, na badala ya kunikemea nilisikia kiti chake upande wa pili wa wavu kinatikisika.

Yulita, bibi arusi, ni rafiki yangu tangu tuliposoma kwa masista. Tulilala mkeka mmoja na kugawana blanketi moja, na kila alfajiri blanketi lilikuwa lake lote. Kwao ni Matai. Amelelewa na shangazi yake, Bibi Skolastika, mama mrefu, mnyoofu, mwenye rozari ya mbegu nyeusi na macho yanayoona hata ulichokula juzi.

Kastuli, bwana arusi, ni jirani yetu hapa Milanzi. Hushuka Kipili, kule ziwani, kununua migebuka mikavu, samaki wa huko, akaipandisha huku juu kuiuza. Ana sauti nzuri, meno mazuri, na tabia ya kusema ukweli hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Shangazi hakumtaka. Neno lake lilikuwa moja tu: Kipili.

"Mwanamume anayeshuka ziwani kila mara hafuati samaki peke yao," alikuwa akisema. Hakuwa na ushahidi wowote, ila kule Matai kulikuwa na mgane mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache, aliyekwisha kumtuma mshenga. Yulita alimkataa mgane. Shangazi akamkataa Kastuli. Wakavutana mwaka mzima, mpaka juzijuzi shangazi alipotangaza kipimo chake mbele ya wakubwa wa pande zote mbili.

"Nitamtazama kwenye Komunyo. Mwenye mke wa siri hatathubutu kumpokea Bwana siku ya arusi yake. Akipokea, nitanyamaza mpaka kufa kwangu. Asipopokea, narudi Matai na binti yangu siku hiyo hiyo."

Kila mtu aliona kipimo ni cha haki. Kastuli mwenyewe alikipokea kwa furaha. Alikwenda kuungama Ijumaa, akatoka amenyooka kama mshumaa mpya. Na ilikuwa lazima mambo yaishe Jumamosi, kwa sababu Majilio yakishaingia hakuna arusi mpaka Noeli ipite, na hadi Noeli ipite ng'ombe wa mgane wangekuwa wameshafika uani kwa shangazi.

Basi usiku wa kuamkia jana ikanyesha. Na alfajiri kumbikumbi wakatoka.

Asiyekaa huku Ufipa hawezi kujua maana yake. Ardhi inafunguka. Wanapanda kama moshi, mbawa zinameta, na kijiji kizima kinatoka na nyungo, vikapu, mashuka. Wazee wenye miguu mibovu wanapona. Kila jiko linakaanga, na ile harufu ya mafuta yao yenyewe na chumvi inakufuata njiani kama mtu anayekudai.

Sisi tulikuwa tumefunga. Anayetaka kukomunika haweki kitu kinywani tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji. Kwa hiyo tulishika njia ya misheni tumefumba midomo, mimi na ndugu za Kastuli na waimbaji, tukipita katikati ya jaribu ambalo hata jangwani halikuwepo. Mimi nilikuwa msimamizi wa bibi arusi na nilipaswa kuwa nimelala kwa masista pamoja naye, lakini viatu vyangu vilikuwa havijatoka kwa fundi. Namshukuru fundi. Vinginevyo nisingeona.

Tulipofika kwenye barabara pana, ile ya Bwana Shauri, mzungu wa serikali, waimbaji wakaanza Aleluya. Kastuli hakuweza kujizuia. Akainua kichwa, akafungua kinywa chote, akavuta pumzi.

Akanyamaza.

Tukaendelea kuimba hatua kadhaa kabla hatujagundua kwamba sauti nzuri imepotea. Nikageuka. Kastuli alikuwa amesimama katikati ya barabara na koti lake jipya, macho yamemtoka.

"Nini?" akauliza Desideri.

Kastuli akaonyesha koo lake. Kisha akaonyesha mbinguni, ambako kumbikumbi walikuwa wakipita kwa wingi wao.

Desideri alikuwa msimamizi wake. Huyu ni rafiki yetu aliyekaa seminari mpaka walimu wake walipoona kwamba Mungu anamwita kwenye kazi nyingine, wasimwambie ni ipi. Tangu arudi, hakuna jambo dogo. Ukimpa maji anakueleza ubatizo. Jana niliona uso wake ukiangaza: hatimaye teolojia ilikuwa imehitajika, tena barabarani, tena haraka.

"Tulieni," akasema. "Kuna kula, kuna kunywa, na kuna kuvuta pumzi. Kitu kikiingia pamoja na pumzi, kama vumbi, kama moshi, kama mdudu, hicho si chakula. Saumu haikuvunjika. Nilifundishwa hivyo kabisa."

Tukashusha pumzi sote. Kwa uangalifu.

Pembeni ya barabara alikuwa Bwana Nasoro, mwenye duka kule mjini, amefunua pua ya lori lake anakung'uta mbawa kwenye injini. Lori hilo ndilo lililowaleta watu wa Matai, na ndilo linalopandisha migebuka ya Kastuli. Naye akatoa yake.

"Hata sisi ndivyo tulivyosoma. Nzi akiingia kooni bila kukusudia, saumu yako iko palepale."

"Umesikia?" Desideri akamwambia Kastuli. "Dini mbili."

Kastuli hakufurahi. Aliangalia viatu vyake. Nikamjua, nimekua naye. Ulikuwa ni ule uso wa kusema ukweli ambao hakuna aliyeuuliza.

"Nilitafuna," akasema.

Desideri akamsogelea.

"Ulitafuna?"

"Mara moja." Akafikiri. "Mara mbili. Ya pili ilikuwa ya kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini, ndugu yangu?"

"Kama ndiye."

"Na alikuwa ndiye?"

"Alikuwa mnono," akasema Kastuli, na machozi yakamlengalenga.

Bwana Nasoro akafunika pua ya lori taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Hapo, bwana," akasema, "ukitafuna, umetafuna. Hata kwetu."

Waimbaji wakaanza kutoa mashauri. Mmoja akasema asukutue tu. Mwingine akasema Mungu hawezi kuhangaika na mdudu mmoja siku ambayo ameumba maelfu. Mjomba wake Kastuli, mtu wa vitendo, akasema tumejua sisi tu, basi tufunge midomo, kijana akomunike, shangazi anyamaze, tule nyama.

Nami niseme kweli: nilikubaliana na mjomba. Nilimfikiria Yulita. Nikaona ni afadhali kosa dogo la kumbikumbi kuliko ng'ombe wa mgane.

Kastuli alikataa. Alisema kwa sauti ya chini hata tukasogea kumsikia: "Shangazi anasema mimi ni mwongo. Nikipanda altareni leo na kumdanganya Mungu ili shangazi aniamini, si atakuwa amesema kweli?"

Desideri akashika njia, nasi tukamfuata.

Tulifika misheni kimya kama watu wa mazishi. Kastuli na Desideri wakaingia kwa Padri Anselmi, nami nikabaki dirishani. Padri yuko Ufipa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Amezoea baridi yetu, ulezi wetu na kesi zetu, ila jambo moja limemshinda: kumbikumbi. Siku wakitoka hujifungia na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia.

Akasikiliza yote. Kisha akauliza, na nilisikia ni mtu anayetaka kuelewa kweli: "Alikuwa hai?"

"Ndiyo, Padri."

"Na wewe ulitafuna kwa hiari?"

"Meno yalijua kazi yake, Padri."

Padri akafumba macho. Nadhani ilikuwa sala. Halafu akatoa hukumu: dhambi hakuna, kwa maana mdomo ulikwenda kabla ya akili. Ndoa ni halali na baraka ataitoa yote. Lakini kilicholiwa kimeliwa. Komunyo asubiri kesho asubuhi. "Ndoa haisimami juu ya tumbo," akasema. Desideri akaanza kuuliza kama kumbikumbi asiyemezwa wote... Padri akamwonyesha mlango. Kengele ya kwanza ilikuwa ikilia.

Na mimi ndiye niliyetumwa kwa bibi arusi.

Yulita alikuwa kwenye baraza ya masista, amevaa gauni jeupe na shela, mzuri mpaka nikasahau nilichotumwa. Shangazi alikaa kando yake, rozari mkononi. Nikasema shikamoo, nikapiga goti, nikajifanya namrekebishia Yulita shela na kumnong'oneza sikioni. Lakini yale macho ya shangazi yana masikio.

"Hatakomunika?" Akasimama. "Nilisema! Kipili!"

"Hapana, shangazi, ni kumbikumbi."

"Nani?"

"Kumbikumbi. Ameingia kinywani njiani, shangazi. Naye akatafuna."

Nilipojisikia nikisema hivyo, hata mimi sikuamini. Shangazi alinitazama jinsi unavyomtazama mbuzi aliyekuja na salamu. Nimeishi miaka mingi, akasema, nimesikia wanaume wakisingizia mvua, homa, mto kujaa na wazimu wa mjomba, lakini wa kusingizia kumbikumbi ndiye huyu wa kwanza, na ndivyo wanavyofundishana ziwani. Akawaita wanawake wa Matai wafunge mizigo. Mmoja akatumwa kumtafuta Bwana Nasoro na lori.

Yulita alinivuta mkono.

"Alitafuna kweli?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Anasema ya pili ilikuwa ya kuhakikisha."

Akacheka. Katikati ya mizigo inayofungwa na kengele inayolia, akacheka kama tulivyokuwa tukicheka chini ya blanketi. "Ndiye Kastuli huyo," akasema. "Mwongo angesema mara moja."

Kisha akainuka. Mwisho wa baraza ni jiko la masista, na mpishi alikuwa ameepua kikaango kizima, wanang'aa, chumvi juu. Yulita akainua shela kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akachota, si mmoja, si wawili, akatia kinywani na kutafuna polepole akimtazama shangazi yake usoni. Sista mmoja akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari. Yulita akameza, akajifuta midomo kwa nyuma ya kiganja.

"Na mimi sikomuniki," akasema. "Sasa, shangazi, nitafutie na mimi mwanamume wangu wa Kipili."

Wanawake wa Matai wakaiacha mizigo.

Nilijua alichokuwa amefanya, na wanawake wote pale walijua. Bwana arusi asipokomunika, watu husema ana mke mahali. Bibi arusi asipokomunika, watu huhesabu miezi. Yeye alichukua aibu iliyo kubwa zaidi, akaitia chumvi, akaila, ili Kastuli asipige magoti peke yake.

Shangazi aliketi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kengele ya pili ikalia, nikamchukua rafiki yangu tukaenda, nikamwacha shangazi peke yake na kikaango.

Misa ilianza. Walikula kiapo vizuri. Kastuli alisema "ndiyo" kwa sauti iliyowagutusha popo darini. Kisha ikafika Komunyo.

Padri akashuka na kikombe. Kastuli na Yulita wakabaki wamepiga magoti pale pale, vichwa vimeinama. Padri, aliyetarajia Kastuli peke yake asipokee, akamwona bibi arusi naye anatikisa kichwa, akasimama amebung'aa. Nyuma yetu kanisa likaanza kuvuma kama mzinga. Nikasikia wazi wazi mtu akisema "wote wawili!"

Mimi nikaenda kupokea. Masista wakaenda. Desideri akaenda, mikono imeungana, kama mtakatifu wa kwenye picha. Halafu basi.

Hakuna mwingine aliyeinuka.

Padri akasubiri. Sakristani akagonga kengele ndogo tena, labda hawakusikia. Walisikia. Mzee wa kanisa, yule anayekaa mbele kila siku, alikuwa akikagua kucha zake. Waimbaji wote walikuwa wamepata jambo la kutazama sakafuni. Mjomba wa Kastuli alijifanya amesinzia. Na pale upande wa wanawake, amenyooka, rozari mkononi, alikuwa Bibi Skolastika, naye hakuinuka.

Ubawa mmoja ulikuwa umenata juu ya mdomo wake.

Hapo ndipo nilipoanza kucheka.

Padri Anselmi aliufuata mtazamo wangu, akaona ubawa. Akawatazama watu wake, mstari kwa mstari, na nikaona akielewa. Akarudisha kikombe, akafunga tabernakulo, akapiga goti, kisha akatugeukia. Kiswahili chake ni kizuri akiwa ametulia. Jana hakuwa ametulia.

"Wakristo wangu," akasema. "Hawa wawili hawana dhambi. Wana kumbikumbi." Akapumua. "Na ninyi wote, naona, mna kumbikumbi. Kanisa zima ina kumbikumbi! Kesho nitawapa Komunyo. Leo nitawapa baraka tu, na msinikaribie."

Sijui ni nani aliyecheka wa kwanza, wenyewe wanasema ni mimi. Lakini mzee wa kanisa alinifuata, na waimbaji, na hata Kastuli pale mbele mabega yakawa yanapanda na kushuka, na Yulita amemshika mkono, shela imeenda upande.

Baada ya chakula, tulipokwisha kula ugali wa ulezi na nyama na wazee wameanza kufyonza pombe kwa mirija, nilijipa ujasiri nikamwuliza shangazi. Aliniangalia kwa heshima yake yote.

"Nilionja tu," akasema. "Nione kama chumvi imekolea."

Jioni yake watu walipanga foleni ya kitubio mpaka nje. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, nikamsikia Padri akipaza sauti ndani kwa kila aliyeingia: "Si dhambi! Si dhambi! Anayefuata!"

Leo asubuhi, Misa ya kwanza, Kastuli na Yulita walikomunika bega kwa bega. Shangazi alipiga magoti kando yao. Lori lilipokuwa linataka kuondoka kwenda Matai, alimwita Kastuli, na kwa mara ya kwanza hakumwita "yule kijana". Alimwita mwanangu. Akamwambia, "Ukishuka Kipili niletee migebuka. Na mkeo aende nawe, akalione hilo ziwa." Kastuli akasema atamchukua kila safari. Shangazi akasema hakusema kila safari, nani atalima? Lori likaondoka huku bado anatoa maagizo.

Mimi nilikuwa upande wa mjomba, na nakiri. Ningekuwa Kastuli ningekomunika, nikatubu baadaye. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi. Nilidhani imani ni kujua nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na Desideri anajua hayo kuliko sisi sote. Kumbe kuna watu wanaijua kwa namna nyingine, ile ya kutotaka kuanza nyumba mpya na uongo ndani yake. Sijui namna hiyo hufundishwa wapi.

Nilikuwa nimefika hapo, Desideri akaja.

Akasimama pale kwenye mwanga, kofia mkononi. Akasema ana swali. Nikajua ni kumbikumbi tena. Akasema swali linahusu mtu aliyetoka seminari, ambaye hafungwi na nadhiri yoyote, na ambaye, kwa hiyo, kama kungekuwa na msichana ambaye...

Akakwama.

Mtu anayeeleza Utatu Mtakatifu bila kumeza mate, akakwama kwenye "ambaye". Akaizungusha kofia mikononi, mara moja, mara mbili. Nikamngoja. Mama, huko ndani, akaacha kupepeta ili asikie vizuri.

Nikamwambia aende akaimalizie sentensi nyumbani, kisha arudi nayo nzima. Akaitikia "ndiyo" kwa unyenyekevu ambao sijapata kuuona kwake, akaondoka, akasahau kofia kwenye kigoda.

Sasa ninaitazama kofia hiyo. Najiuliza: nitamjibu nini akirudi, na kwa nini nimeshafagia ua?